Tuandike Nini Kwenye Faili? Chuki Mbele ya Daktari



Miaka mingi iliyopita, mzee mmoja aliyelazwa kwa presha alikataa kudungwa sindano na nesi wa zamu. Alipoulizwa sababu alilitaja kabila la nesi, kisha akageukia ukutani. Mwanafunzi wangu akaninong'oneza: "Daktari, tuandike nini kwenye faili?"

Swali hilo lina historia. Huko Marekani, baada ya mauaji ya kibaguzi ya miaka ya 1960, kundi la madaktari weusi wa akili liliomba ubaguzi uliopindukia utambuliwe rasmi kuwa ugonjwa wa akili. Chama cha madaktari wa akili wa nchi hiyo kilikataa, kwa hoja kwamba Wamarekani wabaguzi ni wengi mno, na jambo la wengi ni la kawaida. Kwa mantiki hiyo, malaria ikienea kijiji kizima inaacha kuwa ugonjwa! Alvin Poussaint, daktari wa akili wa Harvard, hakuridhika. Alishikilia kwamba anayeua kwa sababu ya dhana za kibaguzi amepotewa na uhalisia, na kwamba anaweza kutibiwa.

Namheshimu Poussaint, lakini nasita kumfuata, kwa kuwa taaluma yetu ina madoa yake. Mwaka 1851 Samuel Cartwright, daktari wa kusini mwa Marekani, alitangaza kwamba watumwa wanaotoroka wana ugonjwa. Akautungia jina la Kigiriki, drapetomania, na miongoni mwa tiba alizopendekeza ni viboko. Aliyeshika kalamu ndiye aliyeamua nani mgonjwa. Wenye chuki nao wanaipenda mno lugha ya usafi na afya. Katika siasa za Kenya majirani wameitwa "madoadoa", na sote tunajua doa hufanywa nini. Mwaka 2022 Tume ya Uwiano na Utangamano ililiweka neno hilo kwenye orodha ya maneno ya chuki.

Je, kuna kidonge cha kutibu chuki? Mwaka 2012 watafiti wa Oxford waliwachukua watu weupe 36, nusu wakapewa propranololi, nusu kidonge bandia. Waliomeza dawa walionyesha upendeleo wa rangi mdogo zaidi katika kipimo cha hisia za kichinichini. Katika maoni waliyoyatamka wenyewe, hakukuwa na tofauti. Dawa hiyo nimewaandikia wagonjwa wa presha miaka nenda rudi. Sijamwona hata mmoja aliyerudi kunishukuru kwamba sasa anapatana na wakwe zake.

Mtu anayenikosesha usingizi ni Ferdinand Nahimana. Alikuwa mwanahistoria, mhadhiri wa chuo kikuu, msomi kama mimi. Alikuwa pia miongoni mwa waanzilishi wa RTLM, redio ya Rwanda iliyowaita Watutsi mende wakati wa mauaji ya kimbari. Mende hapigwi vita kwa hasira. Anapuliziwa dawa, na mwenye nyumba analala vizuri. Mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha ilimhukumu kifungo cha maisha mwaka 2003, na rufaa ya 2007 ikakipunguza hadi miaka 30. Ningeitwa kutoa ushahidi kwamba alikuwa mgonjwa, ningesema nini? Ugonjwa hauanzishi kituo cha redio.

Kinachofanana na ugonjwa ni namna chuki inavyosambaa. Kipindupindu kikizuka, hatungoji wodi ijae. Tunakitafuta kisima kilichochafuka, tunakifunga, tunawapa watu maji mengine. Redio ya aina ile ni kisima, na kukifunga mapema ni kazi inayofanana kabisa na yetu ya afya ya jamii. Ila kisima hakijui kilichomo ndani yake. Nahimana alijua, na ndiyo maana yeye alikuwa wa majaji.

Na yule mzee? Mwanafunzi alikwisha kuanza kuandika "amechanganyikiwa". Nilimwomba akate mstari. Tukaandika presha yake, saa aliyokataa sindano, maneno aliyotamka, na chini yake: mgonjwa ana akili timamu.