KULENGA BUNDUKI USIKU: JICHO KWANZA, KIOO BAADAYE

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima

Maneno ya kusoma kabla ya somo

dungu – kibanda cha juu ya miti ambamo mlinzi wa shamba hukaa
gobole – bunduki ya kushindilia baruti kwa mdomo wa mtutu
mtutu – bomba la bunduki ambamo risasi hupita
kulenga – kuelekeza bunduki juu ya kitu
shabaha – kitu kinacholengwa
kurunzi – taa ya mkononi, tochi

SOMO

Natumaini mmekwisha kaa vizuri, mwalimu amewasha redio, na kila mmoja ana kitabu na kalamu. Leo tutazungumza juu ya bunduki ya kulinda nyumba na shamba, na hasa juu ya kile kidude cha kulengea kilicho juu yake. Wako wenye bunduki za leseni, wako walinzi wa wanyamapori wa vijiji, na wako wengi wasio na bunduki ila jirani yao anayo. Somo hili ni la wote, maana risasi ikitoka haichagui.

Kwanza tutazame kwa nini jambo hili linatuhusu sisi wa Lindi, Kilwa na Liwale.

Mnajua wenyewe taabu ya nguruwe mwitu. Mahindi yakianza kukomaa wakati wa masika, nguruwe huja usiku. Basi mkulima huhamia shambani, akalala katika dungu au kibanda cha makuti, yeye na pengine mkewe na watoto. Nyuma ya nguruwe huja simba, kwa kuwa nguruwe ni chakula chake. Akimkosa nguruwe, humkuta mtu.

Haya si maneno ya kutisha watoto. Mwaka 1905 wataalamu hawakuwapo kuyahesabu, lakini mwaka 2005 walitoa hesabu yao. Walisema kwamba toka mwaka 1990 hata mwaka 2004 simba waliua watu zaidi ya 560 katika Tanzania, na kujeruhi zaidi ya 300. Wilaya za pwani ya kusini, na Lindi ikiwamo, ziliumia sana. Watu wengi walishambuliwa wakati wa mavuno, na mahali penye nguruwe wengi ndipo penye hatari zaidi. Jirani zetu wa Rufiji walisumbuliwa na simba mmoja mpaka akauawa mwezi wa Aprili mwaka 2004. Alikwisha ua watu zaidi ya 30, naye alikuwa na jipu kubwa chini ya jino.

Wataalamu wale waliona jambo jingine tena. Hatari huzidi siku zile baada ya mwezi mpevu. Kwa nini? Tufanye hesabu. Siku ya mwezi mpevu, mwezi hutoka jua linapotua, kama saa 12 jioni. Kila siku inayofuata huchelewa kadiri ya dakika 50. Siku ya tatu umechelewa dakika 150, yaani saa mbili na nusu. Basi toka jua kutua mpaka saa 2 na nusu usiku ni giza tupu, na simba ana njaa kwa sababu mbalamwezi ya siku zilizopita ilimharibia mawindo. Ndiyo saa ambayo mtu bado anatembea, anakwenda msalani, anarudi kwa jirani.

Sasa mwenye bunduki anakutana na mnyama wakati gani? Si mchana, wala si kwa mbali. Anakutana naye gizani, hatua 10 au 20, na kwa ghafula. Kwa hiyo chombo cha kulengea kinachofaa ni kile ambacho jicho hukiona upesi.

Jaribio la kidole

Tufanye jaribio. Halihitaji bunduki. Nyosha mkono mbele, simamisha kidole gumba. Kupitia mlangoni, tazama mnazi ulio mbali nje. Acha macho yote mawili wazi. Mnazi unaonekana wazi, lakini kidole je? Kimekuwa viwili, tena kina ukungu. Sasa tazama kidole. Kidole kimekuwa safi, na mnazi umeingia ukungu.

Mmeona? Jicho haliwezi kuona vizuri vitu viwili, kimoja karibu na kimoja mbali, kwa wakati mmoja. Lazima lichague.

Bunduki ya kawaida hulitaka jicho litazame vitu vitatu. Nyuma kuna kipande cha chuma chenye pengo. Mbele, mwisho wa mtutu, kuna ncha. Mbali kuna shabaha. Mlengaji huweka ncha katikati ya pengo, kisha huweka ncha juu ya shabaha. Mchana, kwa mtu aliyefundishwa, kazi hii ni nyepesi. Usiku ncha nyeusi juu ya mnyama mweusi haionekani kabisa. Na mtu akipita miaka 40, jicho lake huanza kukaza, hata vitu vya karibu humtia taabu. Wengi wenu mnajua hivyo kwa kusoma: mnasogeza kitabu mbali ndipo herufi zikae sawa. Ncha ya bunduki nayo huingia ukungu vilevile.

Njia nne

Wawindaji wa zamani katika Afrika walitafuta dawa ya jambo hili. Bunduki zao za wanyama wakali ziliwekwa pengo pana la nyuma, kama herufi V iliyofunguka, na mbele ushanga mweupe, mara nyingi wa pembe. Pengo pana halifichi mnyama, na ushanga mweupe unaonekana magharibi. Hii ndiyo njia ya kwanza, nayo haina betri wala kioo. Hata mwenye gobole anaweza kupaka ncha yake tone dogo la rangi nyeupe. Gharama yake ni ndogo, na faida yake huonekana jioni ileile.

Njia ya pili ni tundu. Badala ya pengo, nyuma huwekwa kipete chenye tundu, na mlengaji huchungulia ndani yake. Hana haja ya kukitazama kipete. Jicho lenyewe hutafuta katikati. Tundu dogo ni zuri kwa mchana. Kwa giza hapana budi liwe kubwa, maana tundu dogo hupunguza mwanga.

Njia ya tatu ni darubini. Watu wengi huipenda kwa sababu huvuta vitu karibu. Lakini fikirini. Nguruwe yuko hatua 15. Ukimtazama kwa darubini yenye nguvu, utaona manyoya tu, hujui kama ni bega au paja. Tena darubini huonyesha mahali padogo, na jicho lazima likae mahali pake barabara, la sivyo utaona weusi. Darubini ni ya mtu mwenye nafasi ya kutulia. Mlinzi wa dungu hana nafasi hiyo.

Njia ya nne ni kioo chenye nukta nyekundu. Ndani yake kuna taa ndogo sana, na mbele kuna kioo kinachorudisha mwanga wa taa ile kwenye jicho. Mlengaji huona nukta nyekundu kana kwamba imekaa huko mbali juu ya shabaha. Kumbukeni jaribio la kidole. Hapa jicho halichagui tena: hutazama shabaha, na nukta iko palepale. Macho yote mawili hubaki wazi, na jicho likisogea kidogo nukta haipotei. Ndiyo maana kioo hiki ni cha upesi.

Wazo hili si geni. Howard Grubb wa Dublin, fundi wa darubini za nyota, alilibuni mwaka 1900. Baadaye lilitumika katika ndege za vita. Mwaka 1975 kampuni ya Aimpoint ya Sweden ilitoa kioo cha namna hii chenye taa ya betri kwa bunduki za mkononi.

Ukichagua kioo cha nukta

Kama una leseni, na bunduki yako ina mahali imara pa kukifunga, angalia mambo matano. Gobole liache na ncha yake nyeupe. Hilo halina mahali pa kioo.

La kwanza, ukubwa wa nukta. Hupimwa kwa dakika za pembe. Dakika 1 hufunika kiasi cha sentimeta 3 kwa mbali wa meta 100. Nukta ya dakika 4 basi hufunika sentimeta 12 kwa meta 100, na kwa meta 25 hufunika sentimeta 3 tu. Kwa kazi ya karibu nukta ya namna hii yafaa, maana jicho huiona upesi kuliko nukta ndogo.

La pili, mwanga wake upunguzike. Nukta kali usiku humulika jicho lako mwenyewe, hata usimwone mnyama. Ipunguze mpaka uone nukta na kitu kilicho nyuma yake.

La tatu, betri. Iwe ya kudumu, na uibadilishe kwa tarehe unayoiandika, usingoje ife. Tena acha ncha ya chuma mahali pake, iwe akiba.

La nne, hewa yetu ya pwani. Chumvi ya bahari hula chuma, na unyevu huingia kioo. Chagua kilichozibwa maji yasiingie. Kifute kwa kitambaa laini, na kaza skrubu zake. Kioo kinacholegea hukudanganya.

La tano, kipimo. Kioo kipya hakijui risasi yako inakwenda wapi. Lazima kipimwe kwa kupiga shabaha mahali paliporuhusiwa. Kadhalika, kioo kinakaa juu ya mtutu, pengine sentimeta 5. Kwa hatua chache sana risasi hupiga chini ya nukta karibu kiasi hicho.

Jambo lililo kubwa kuliko kioo

Sasa sikilizeni mazungumzo haya ya mzee mmoja na mjukuu wake.

MJUKUU: Shikamoo, babu.
MZEE: Marahaba, mjukuu wangu. Umekuja na bunduki ya baba yako?
MJUKUU: Hapana, babu, baba ndiye mwenye leseni. Lakini ameweka kioo cha nukta. Sasa hakosei tena!
MZEE: Vizuri. Na nukta ile ikikaa juu ya mtu, hugeuka rangi?
MJUKUU: La, babu. Ni nyekundu tu.
MZEE: Basi nukta haijui nguruwe na jirani. Usiku ule mahindi yakitikisika, nani atamwambia baba yako kuwa si mimi niliyekuja kuomba moto?
MJUKUU: Atamulika kurunzi, babu.
MZEE: Na mimi nitamwita kwa jina lake kabla sijaingia shambani. Sote wawili tuna kazi.

Ndugu zangu, mzee huyu amesema kweli. Chombo cha upesi kina hatari yake. Zamani ncha ya chuma ilimchelewesha mtu, na katika kuchelewa huko alipata kufikiri. Kioo cha nukta humwondolea kule kuchelewa. Kwa hiyo kufikiri lazima kuje mbele, kabla bunduki haijainuliwa.

Ufuate utaratibu huu. Kwanza ita kwa sauti. Mtu atajibu. Pili, mulika kwa kurunzi iliyo mkononi, si kwa kuelekeza bunduki. Tatu, tazama ni nini, kisha tazama kuna nini nyuma yake. Nyumba zetu nyingi ni za fito, udongo na makuti. Risasi hupita ukutani na kumkuta aliyelala. Kama hujui ulichokiona, usipige. Kidole kikae nje ya kifyatuo mpaka umekwisha jua.

Na nyumbani, mlango wenye komeo, mwanga uani, mbwa, na yowe la kuita majirani huja kabla ya bunduki. Risasi zifungiwe mbali na bunduki, na vyote viwe mbali na watoto.

Kumbukeni pia sheria. Sheria ya mwaka 2015 ya kudhibiti silaha na risasi yataka kila mwenye bunduki awe na leseni. Kabla ya kununua kioo chochote, uliza polisi. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 humruhusu mtu kujiokoa na mnyama mkali, lakini akimwua lazima atoe habari. Simba akionekana kijijini, mwite afisa wa wanyamapori. Usimfuate porini peke yako usiku.

Basi, kama nimeulizwa, "Mwalimu, nikinunue kioo au la?" nitajibu hivi. Kama fedha ni za kitu kimoja tu, nunua kurunzi nzuri. Fedha ikizidi, na bunduki yako ikikubali, kioo cha nukta kitakufaa kuliko darubini. Lakini kurunzi kwanza, kwa sababu kurunzi ndiyo inayojibu swali la nani yuko pale.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini jicho haliwezi kuona kidole na mnazi vizuri kwa pamoja?
2. Siku ya 4 baada ya mwezi mpevu, mwezi utatoka saa ngapi hivi? Fanyeni hesabu.
3. Nukta ya dakika 2 hufunika sentimeta ngapi kwa meta 50?
4. Kwa nini darubini haimfai mlinzi wa dungu?
5. Katika kijiji chenu, watu wanaotembea usiku kati ya mashamba wapatane alama gani, ili mlinzi awajue?

Andikeni jibu la swali la 5 kwa sentensi tatu, mlisome mbele ya darasa, kisha mlipeleke kwa mwenyekiti wa kijiji. Hilo ndilo litakalookoa mtu.

Kwaherini, ndugu wasikilizaji, na mlale salama.