UJUMBE WA TAWI: ADA YA MAJI ILIPWE KWA SAA

Haya ndiyo tuliyoyasema mkutanoni, kwa faida ya ambao hawakufika.

Maji ni ya Mungu, lakini saruji ya banio, malango na posho ya mgawa maji ni gharama zetu sote.

Tatizo ni namna tunavyolipa. Ada inahesabiwa kwa ekari. Tuseme ni shilingi 20,000. Wa juu anaacha maji usiku kucha mpaka yanamwagika njiani, analipa 20,000. Wa chini anapata nusu zamu, mpunga unakauka ukiwa na mimba, naye analipa 20,000. Hapo wa chini anamlipia wa juu, na wa juu haoni sababu ya kufunga lango.

Tutapendekeza kwenye mkutano wa skimu ada ilipwe kwa saa za zamu, ziandikwe kwenye daftari linalosomwa hadharani. Kwa kuwa maji hupungua njiani, saa ya mwisho wa mfereji iwe na bei ndogo. Aliyekosa zamu asidaiwe.

Tangu 1993 Mto Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kiangazi huko hifadhini, na sisi wa Usangu ndio tunaonyooshewa kidole. Tusipogawana vizuri wenyewe, tutagawiwa.

Wanaofungua malango usiku, wengine ni wanachama wetu, viongozi wakiwemo. Tunawaambia: kadi ya chama si ufunguo wa lango.

Msaragambo wa kuzibua mfereji ni Jumamosi, saa moja asubuhi. Tuje na majembe.

Katibu wa Tawi