Masafa hayapimwi kwa rula



Juzi kijana mmoja hapa mjini aliniuliza Namtumbo ni mbali kiasi gani. Kabla sijajibu, mwenziwe akadakia: "Si mbali, ndege ni saa moja na dakika chache tu."

Hakukosea sana. Kutoka Dar es Salaam hadi Songea kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 580, na ndege huzimaliza kwa muda huo. Lakini ndege huishia Songea. Namtumbo iko mbele zaidi, kilomita zipatazo 70 upande wa mashariki.

Abiria wa basi ana hesabu nyingine. Kati ya Dar na Namtumbo limelala pori la Selous, ambalo sehemu yake tangu mwaka 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Barabara hailikati pori hilo, inalizunguka: Morogoro, Iringa, Makambako, Njombe, ndipo Songea. Ni zaidi ya kilomita 900. Anayepanda alfajiri hushuka usiku, miguu imevimba.

Kwa hiyo masafa ni mawili: ya mwenye nauli ya ndege na ya asiyekuwa nayo.

Mimi niliyajua hayo mwaka 2004. Nilikuwa Mtwara kikazi nilipopata habari kwamba mjomba wangu amefariki Namtumbo. Nikachukua ramani na rula. Kwa mstari ulionyooka haikufika kilomita 460. Nikajiambia, kesho nitakuwa msibani.

Ilikuwa Februari, mvua zimekolea. Mabasi yalikuwa yamesimama, nikapata lori. Kupita Masasi, lami ikawa hadithi. Tulisukuma, tulichimba, tulilala njiani. Baada ya Tunduru tulikwama karibu na Matemanga usiku mzima, tumejifunika turubai moja na magunia ya chumvi. Nilifika siku ya nne.

Shangazi alinipokea mlangoni. Akasema, "Pole na safari, mwanangu. Mjomba wako tumemzika juzi. Tulikungoja mpaka jua likazama." Hakunilaumu, nami sikuwa na la kujibu. Ningemwambia nini, kwamba kwenye ramani nilikuwa jirani?

Leo kilomita zile 193 za Namtumbo hadi Tunduru zina lami, na barabara hiyo ilizinduliwa rasmi mwaka 2019. Anayetoka Mtwara asubuhi hufika Namtumbo siku hiyo hiyo. Ardhi haikusogea hata hatua moja. Kilichopungua ni siku tatu za maisha ya mtu.

Nasema haya kwa sababu bado viko vijiji ambavyo havijaifikia lami hiyo. Huko mja mzito na gunia la mahindi hungoja mvua ikatike. Mpangaji aliye ofisini akiulizwa zahanati iko umbali gani, hutaja kilomita. Namwomba atuambie jambo moja zaidi: ni saa ngapi, mwezi wa Februari, kwa mtu asiye na gari?

Akilijibu hilo kwa ukweli, atajua barabara ipi ianze.

Mjomba hakuzikwa mbali. Ni mimi niliyekuwa mbali.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.