Ardhi ya Viwanda Iliyogeuka Makaazi: Mfano wa Mukuru, Nairobi

(Maelezo ya mazungumzo kwa watumishi wa Serikali na wananchi)



Ramani ya mji ni hati ya Serikali, na kila rangi iliyotiwa juu yake huwa na taathira katika maisha ya watu. Mahali palipotiwa rangi ya viwanda, kwa kawaida skuli haitengewi kiwanja wala mabomba ya nyumbani hayatengewi fedha, ijapokuwa watu wameishi hapo miaka arubaini na kuzaa wajukuu. Jambo hili limedhihirika mjini Nairobi, katika mitaa ya Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani, iliyo kwenye Eneo la Viwanda la mji huo.

Sehemu kubwa ya ardhi ya Mukuru ilikuwa mali ya umma, ikagaiwa kwa watu binafsi na makampuni kwa sharti la kujenga viwanda vidogo ndani ya muda uliowekwa. Wengi hawakujenga. Wapo walioziweka hati zao rehani benki, wakachukua mikopo, na viwanja vikabaki magugu. Wafanyakazi wa viwanda vya jirani, ambao ujira wao haukutosha nauli ya kila siku, ndio waliokuja kujenga vibanda vya mabati. Kwa hiyo haikuwa kweli kwamba makaazi yamevamia viwanda. Viwanda vyenyewe havikuwepo.

Gharama ya kuishi pasipotambuliwa ni kubwa. Mkaazi wa Mukuru amekuwa akinunua maji kwa ndoo kwa bei inayozidi ile ya mwenye bomba katika mitaa ya wenye nafasi. Hatari nazo hazikukosekana. Tarehe 12 Septemba, 2011 mafuta yaliyovuja kutoka katika bomba kuu yaliwaka katika kijiji cha Sinai, katika eneo hilo hilo la viwanda, na watu wapatao 100 wakafariki. Huko Mombasa, katika mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha madini ya risasi kutoka katika betri chakavu kilifunguliwa mwaka 2007 ubavuni mwa nyumba za watu, na watoto wakakutwa na risasi katika damu. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakaazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Amri hiyo ikatenguliwa katika rufaa, kisha Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba, 2024. Fidia haiondoi risasi mwilini mwa mtoto.

Mnamo Agosti, 2017 Serikali ya Kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru kuwa Eneo Maalumu la Mipango. Kwa tangazo hilo ujenzi mpya ulisimamishwa kwa miaka miwili ili mpango wa makaazi ya kaya zipatazo 100,000 uandaliwe pamoja na wakaazi wenyewe. Utaratibu uliotumika hautakuwa mgeni kwa wananchi wa Visiwani: nyumba kumi kumi zilikusanywa na kuchagua mwakilishi, mfano wa balozi, na makundi hayo kumi kumi yakaunganishwa tena, hadi sauti ya mtaa ikafika mezani kwa wataalamu.

Mezani hapo suala zito lilikuwa upana wa barabara. Lau kanuni za kawaida zingalifuatwa, nyumba nyingi mno zingalivunjwa, na mpango wa kuhifadhi makaazi ungaliwafukuza wakaazi. Ikakubaliwa njia ziwe nyembamba. Uamuzi huo unastahili kusomwa na kila afisa mipango, kwani kanuni zilizoandikwa kwa ajili ya viwanja vitupu hazipimi haki ya mahali penye watu. Kuanzia mwaka 2020 barabara, mabomba ya maji na ya majitaka yakaanza kujengwa.

Hata hivyo, tangazo peke yake halikuwa kinga. Mwishoni mwa mwaka 2021 matingatinga yaliingia Mukuru kwa Njenga kupisha barabara, na maelfu ya watu wakalala nje juu ya vifusi. Matumizi ya ardhi yalikuwa yameangaliwa upya, lakini suala la hati za umiliki lilikuwa halijamalizwa.

Kwa watendaji wa hapa Visiwani, mfano huu unahusu karakana na gereji zilizomo baina ya nyumba za Ng'ambo. Fundi cherehani na seremala mdogo hawamdhuru jirani, na kuwahamisha ni kuwanyima watu riziki mlangoni mwao. Mpiga rangi za magari na mchomeleaji vyuma wana moshi, kelele na sumu, nao hawana budi kutengewa mahali pengine. Mahali hapo pawe na umeme, maji na njia ya gari kabla ya barua ya kuhama kuandikwa, na mkaazi wa jirani asikilizwe kabla ya kibali chochote kipya kutolewa.