Mwenye Njaa Atakataaje?

(Maneno ya wakili mmoja mbele ya waumini na wanaharakati, Lodwar)



Tumeombwa tuzungumze juu ya magonjwa ya zinaa na Ukimwi miongoni mwa kina mama wa vijijini. Huenda wengi wenu mlitarajia mahubiri juu ya uasherati. Sisi ni mawakili. Mahubiri tunawaachia wenye wito huo. Letu ni swali moja: mwanamke asiye na uwezo wa kukataa, je, tumhesabie dhambi, au tuhesabu haki alizonyimwa?

Itazameni barabara itokayo Kitale, ikapita Lodwar na Kakuma hadi Lokichoggio. Tangu 1992, kambi ya wakimbizi ilipofunguliwa Kakuma, barabara hii imebeba nafaka, madereva, askari na wafanyakazi wa mashirika. Kando yake ameketi mama wa Kiturkana. Mifugo yake ilikwisha katika ukame wa 2020 hadi 2023, akaja mjini na watoto wake. Huchoma makaa, huuza kuni kambini, hupika busaa na chang'aa. Siku makaa yakikosa soko, hubaki mnunuzi mmoja tu, naye hakuja kutafuta makaa. Mnunuzi huyo ndiye mwenye fedha, na ndiye aamuaye kama mpira utatumika au hautatumika.

Ugonjwa wa kwanza huingia kimya. Kisonono na klamidia mara nyingi hazimwonyeshi mwanamke dalili yoyote, na kidonda cha kaswende huweza kujificha ndani bila kuuma. Lakini vidonda na uvimbe huo huvifungulia mlango virusi vya Ukimwi. Atibiwaye mapema hupunguziwa hatari mbili kwa pamoja.

Jirani zetu walilipima jambo hili. Kati ya 1991 na 1994, katika vijiji vya Mkoa wa Mwanza, Tanzania, wahudumu wa vituo vya afya vya kawaida walifundishwa kutibu magonjwa ya zinaa kwa kufuata dalili, na dawa zikahakikishwa hazikosekani. Matokeo yaliyochapishwa 1995 yalionyesha kwamba maambukizi mapya ya virusi yalipungua kwa takriban asilimia 40, yakilinganishwa na vijiji visivyopata huduma hiyo. Huko Rakai, Uganda, dawa ziligawiwa nyumba kwa nyumba kila baada ya miezi 10. Matokeo ya 1999 hayakuonyesha maambukizi ya virusi kupungua. Wataalamu walitoa sababu kadhaa. Mojawapo ni kwamba janga la Rakai lilikuwa limekwisha kukomaa. Nyingine ni kwamba tiba ipitayo na kuondoka haimfikii augyuaye katikati ya safari mbili.

Basi tusidanganywe na gari la kliniki lijalo mara moja, likapigwa picha, likaenda zake. Tunachodai ni zahanati iliyo wazi kila siku, yenye mhudumu na dawa.

Dai hili si ombi la sadaka. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa, afya ya uzazi ikiwemo. Tangu 2013, zahanati na hospitali nyingi zimo mikononi mwa serikali za kaunti. Tena tumeonywa: Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na mwaka huo huo mgao wa chakula Kakuma ukapunguzwa. Afya iliyojengwa juu ya huruma ya mgeni huanguka mgeni akibadili nia. Mwakilishi wa wadi na aulizwe hadharani: dawa zilikosekana siku ngapi mwaka huu?

Lakini nasi tujiulize. Msichana anajisiwa, wazee wanaketi chini ya mti, mbuzi wanahesabiwa, shauri linafungwa. Ndugu zetu, shauri hilo si lao kulifunga. Chini ya Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006, kosa ni dhidi ya Jamhuri, na familia haina mamlaka ya kulifuta kwa fidia. Huku wazee wakipatana, saa zinakwisha: dawa ya kumkinga na virusi sharti ianzwe kabla ya saa 72 kupita. Mpelekeni hospitali kwanza. Mbuzi hawazuii virusi.

Na kanisa? Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti Ukimwi ya 2006 inakataza kumlazimisha mtu kupimwa kama sharti la kufunga ndoa. Kuwashauri wachumba wapimwe ni wema. Kuwadai cheti ndipo wafungishwe ndoa ni kuvunja sheria. Vivyo hivyo, kutangaza hali ya muumini bila ridhaa yake, hata kwa jina la maombi, ni kosa. Mama aliyeaibishwa Jumapili hatakwenda kliniki Jumatatu.

Kwa hiyo tunawasihi kila parokia na kila kikundi kichague watu wawili: mmoja afuatilie dawa katika zahanati, mwingine amsindikize aliyedhulumiwa hospitali na polisi, usiku au mchana. Hayo hayangoji uchaguzi wala mfadhili.

Tulipigania sauti ya mwananchi isikike katika sanduku la kura. Mama wa makaa naye apewe sauti ya kusema la, na tumbo la kumwezesha kulisema.