Mavazi ya Kazi na Heshima ya Mtumishi Mwanamke



Nimeombwa niseme juu ya mavazi ya wanawake makazini. Najua wako watakaoliona jambo hili kuwa dogo, lisilostahili muda wa watu wazima wenye kazi nyingi. Lakini karani anayerudishwa nyumbani saa mbili asubuhi, mbele ya wenzake na mbele ya wananchi waliokaa kwenye benchi wakingoja huduma, hupoteza zaidi ya nauli na siku moja ya kazi. Kesho atarudi katika meza ile ile kuwahudumia watu wale wale waliomwona akifedheheshwa.

Mjadala huu tumeurithi. Mwezi Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ambayo ingeanza mjini Dar es Salaam tarehe 1 Januari 1969. Vilivyopigwa marufuku ni vimini, wigi, krimu za kuchubua ngozi na suruali za kubana. Nia iliyotajwa ilikuwa kulinda utamaduni wa taifa dhidi ya kasumba ya kigeni, nayo ni nia ambayo mzalendo hawezi kuidharau. Hata hivyo, kabla ya tarehe hiyo kufika, makundi ya vijana wa kiume yalikwisha kuwavamia wanawake huko Kariakoo wakiwa kwenye mabasi na vituoni, wakiwachania nguo, hata polisi ikawabidi waingilie kati. Maneno ya mitaani siku zile yaliwaandama hasa wapiga taipu wa maofisini, yaani wasichana waliokuwa wameanza kupata mshahara wao wenyewe. Ni haki tujiulize kama kilichowaudhi wale vijana kilikuwa sketi au mshahara.

Suti na tai zilikuja kwa meli ile ile iliyoleta sketi, lakini hazikuwamo katika orodha ya vitu vilivyokatazwa. Na katika miaka hiyo hiyo, huko Umasaini, serikali ilikuwa ikiendesha kampeni ya kuwataka Wamasai waache lubega na wavae nguo za kisasa. Mjini mwanamke aliambiwa amekuwa wa kisasa kupita kiasi, na mbugani Mmasai akaambiwa hajawa wa kisasa vya kutosha. Anayetaka kujua utamaduni ulikuwa wapi kati ya amri hizi mbili atapata taabu kuupata.

Jirani zetu walikwenda mbali zaidi. Idi Amin alipiga marufuku vimini nchini Uganda mwaka 1972, na Banda wa Malawi akaweka sheria mwaka 1973 iliyowakataza wanawake hata kuvaa suruali. Sheria hiyo haikufutwa hadi 1993. Mjini Nairobi, Novemba 2014, mwanamke alivuliwa nguo na wanaume hadharani kwa madai kwamba hakuvaa vizuri, na Kenya ikatunga sheria mwaka huo huo ya kuwafunga watendao hivyo kwa muda usiopungua miaka 10.

Msinielewe vibaya. Simo miongoni mwa wanaodai kwamba kila mtu aende kazini kama apendavyo. Mwuguzi anahitaji vazi linalofulika na lisilobeba uchafu kutoka kitanda hadi kitanda. Mfanyakazi wa kiwandani hapaswi kuvaa mtandio unaoweza kunaswa na mashine. Mwalimu anayeinama juu ya madawati ya watoto anahitaji nguo inayomruhusu kuinama pasipo wasiwasi. Kanuni za namna hii zina sababu, na sababu hiyo anaielewa hata yule zinayembana. Serikali yetu nayo ina Waraka wa Utumishi Na. 3 wa mwaka 2007 kuhusu mavazi ya watumishi wa umma, nao unawahusu wanaume pia, jambo ambalo baadhi ya wakuu wa ofisi hulisahau.

Taabu huanza pale kanuni inapoachwa ipimwe kwa jicho la mtu. Sentimita hupimika, lakini "kubana" na "kutamanisha" ni maneno yanayoeleza mtazamaji zaidi ya mvaaji. Tarehe 1 Juni 2021 Ndugu Condester Sichalwe, Mbunge wa Momba, aliamriwa na Spika atoke ukumbini mjini Dodoma akavae vizuri, baada ya mbunge mwenzake mwanamume kulalamikia suruali yake. Baadhi ya wabunge wanawake walipinga. Ikiwa mbunge aweza kutolewa hivyo mbele ya taifa zima, mhudumu wa ofisi wa daraja la chini atamlalamikia nani? Na mwenzake mjamzito, ambaye nguo zote humbana kwa mwezi wa saba, ashone gauni jipya kila mwezi kwa mshahara upi?

Yuko pia mkubwa wa kazi ambaye kila asubuhi ana neno la kusema juu ya gauni la katibu wake. Leo anasifu, kesho akikataliwa anakaripia, na karipio lake linaitwa nidhamu. Huo ni unyanyasaji, hata ukiandikwa kwenye jalada kwa lugha ya waraka.

Jambo la mwisho ni mlinzi wa lango. Katika ofisi nyingi ameachiwa kuamua ni mwanamke yupi aingie na yupi arudi. Mama aliyetoka kijijini kufuata cheti cha mwanawe hakuajiriwa na ofisi ile, na waraka wa watumishi haukuandikwa kwa ajili yake. Kumrudisha ni kumnyima huduma anayoilipia kodi.

Kwa hiyo naomba kila mkuu wa ofisi na wa shule hapa abandike kanuni za mavazi ukutani, za wanaume na za wanawake katika karatasi moja, na sababu ya kila kanuni kando yake. Mwenye kosa aitwe faraghani, na mtumishi mwanamke aitwe na mwanamke mwenzake mwenye dhamana. Naye mlinzi aachiwe kazi ya kulinda mali ya umma.