Mtoto Anapokwenda Ziwa Ellis: Mpango wa Siku Moja Mlimani

Leo tunazungumzia safari ambayo vijana wengi huitamani shule zinapofungwa: kupanda Mlima Kenya hadi Ziwa Ellis na kurudi siku hiyo hiyo. Huenda mwanao amekuletea karatasi uitie sahihi, au labda kikundi chenu cha akina mama mmepanga kwenda pamoja. Ni safari nzuri, lakini ni ngumu, na maamuzi makubwa ya usalama hufanywa kabla ya kutoka nyumbani.

Ziwa Ellis liko upande wa mashariki wa mlima, katika njia ya Chogoria. Lango la mbuga liko karibu mita 2,950 juu ya usawa wa bahari, na ziwa lenyewe karibu mita 3,450. Ukifika huko, kila pumzi unayovuta ina oksijeni kama theluthi mbili tu ya ile anayoipata mtu aliye Mombasa. Ndiyo maana hata kijana hodari wa mpira anaweza kuugua. Ugonjwa wa mwinuko hauogopi misuli.

Je, nani asiende? Mwenye ugonjwa wa selimundu, yaani sikoseli, asipande, kwa sababu upungufu wa oksijeni na baridi vinaweza kumletea maumivu makali na hatari kubwa. Mwenye homa au kikohozi cha kifua angoje apone. Mwenye pumu, ugonjwa wa moyo, upungufu wa damu, au mama mjamzito, amwone daktari kwanza. Mtoto mchanga naye abaki nyumbani. Wewe unayetembea unatoa jasho, lakini yeye uliyembeba mgongoni hasogei. Anapata baridi, na hawezi kukuambia kichwa kinamuuma.

Sasa, kabla ya kutia sahihi, muulize anayeongoza safari maswali haya. Je, watalala karibu na mlima, au watasafiri usiku kucha na kuanza kupanda wakiwa na usingizi? Je, wana kiongozi anayeujua mlima? Msituni kuna nyati na ndovu. Je, kuna gari litakalongoja langoni? Mtoto mmoja akiugua, ni mtu mzima yupi atakayeshuka naye? Na je, saa ya kugeuka ni ipi? Kama hakuna jibu, usitie sahihi.

Saa ya kugeuka ni muhimu sana. Anzeni kutembea saa 12 asubuhi. Ikifika saa 7 mchana, geukeni, hata kama ziwa linaonekana mbele. Mara nyingi mvua hunyesha mlimani alasiri, na giza huingia mwendo wa saa 12 na nusu jioni. Miezi ya mvua, yaani Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, si wakati mwema wa kwenda.

Mfuko wa mtoto uwe na sweta zito, koti la mvua, boshori, glavu, soksi za kubadilisha na tochi. Jinzi na fulana za pamba zikilowa hazikauki upesi, na hunyonya joto la mwili. Viatu viwe vile alivyokwisha kuvizoea. Mpe maji lita mbili au zaidi, na chakula cha nguvu: chapati, viazi vitamu, ndizi, njugu karanga. Wiki kadhaa kabla ya safari, atembee milimani au apande ngazi mara kwa mara.

Mfundishe pia dalili za hatari. Ugonjwa wa mwinuko huanza kwa kichwa kuuma, kichefuchefu na uchovu. Mwenye dalili hizo asipande hata hatua moja zaidi. Apumzike na anywe maji, na asipopata nafuu ashuke. Lakini akipepesuka kama mlevi, akichanganyikiwa, akihema hali ameketi, au akikohoa povu, ateremshwe mara moja na kupelekwa hospitali. Asiachwe peke yake, wala wasingoje asubuhi. Dawa ya maumivu hutuliza kichwa tu. Tiba ni kushuka.

Akitetemeka sana au maneno yakianza kumkwama, huyo ameshikwa na baridi kali. Akingwe upepo, avuliwe nguo zilizolowa, avikwe kavu na kufunikwa vizuri. Kama yuko macho na anaweza kumeza, apewe chai tamu yenye joto. Asipewe pombe kamwe.

Mama, vijana wengi huficha maumivu kwa kuogopa kuchekwa na wenzao. Kwa hivyo mwambie mwanao waziwazi, kabla hajaondoka: "Ukiumwa na kichwa, sema. Ukirudi bila kuliona ziwa, sitakucheka, nami sitasikitikia pesa nilizolipa." Maneno hayo yanaweza kumrudisha nyumbani salama.

Yakumbuke haya matatu: jua nani asiende, wekeni saa ya kugeuka, na anayeugua ashuke. Ziwa halihami, wataliona siku nyingine.